Rangi ya Mzee Ng'ang'a

Kompyuta inamaliza kutia rangi picha ya zamani, na Sylvia Mabonga anasogelea skrini. Mzee Ng'ang'a, aliyekuwa mweusi tii maisha yake yote, ametokea maji ya kunde, midomo imeiva kama nyanya.

"Huyu si baba yangu," anasema bintiye, Waiyego, aliyewasili kutoka Moiben asubuhi hii. "Na kesho tunamzika. Hii picha ndiyo itatangulia jeneza. Sasa watu watasema tunazika nani?"

Sylvia, 41, hufufua picha kuukuu zisizo na rangi katika studio yake ndogo mjini Eldoret. Nyingi ni za msiba. Zamani alizipaka rangi kwa mkono. Siku hizi programu ya akili mnemba humfanyia kwa dakika moja, na watu weusi huwageuza weupe bila hata kuuliza.

"Nikiiambia huyu ni mweusi, inampaka majivu," analalamika. "Ni kama haijawahi kuona watu wetu."

Mwezi uliopita alikuwa na haraka, akachapisha picha ya marehemu mwingine ilivyotoka. Siku ya mazishi, waombolezaji wawili waliiona langoni wakageuka, wakidhani wamekosea boma. Wengine walicheka. Sylvia hakucheka, na tangu hapo kila picha ya marehemu huwaonyesha jamaa kwanza kabla ya kuichapisha.

Leo anamgeukia Waiyego. "Mama, kwenu ni nani alichukua rangi ya Mzee?"

"Ni ndugu yangu Gerishon. Huyo ni Mzee mtupu."

"Mpigie akuje saa hii, kabla jua lipotee."

Gerishon, ambaye ni fundi wa mawe hapa mjini, anafika kwa bodaboda akiwa na saruji usoni. Sylvia anampa maji anawe, anamketisha karibu na dirisha, kisha anafuta rangi zote za kompyuta. Anaanza upya, akimtazama Gerishon, kisha skrini, kisha Gerishon tena. Waiyego anapindapinda leso tu.

Mwishowe Gerishon anaruhusiwa kutazama. Anavua kofia.

"Eh," anasema polepole. "Mzee."

Waiyego anaangua kilio, na Sylvia anapumua.

Ukutani kuna picha moja ambayo bado haina rangi. Ni ya mama yake, aliyefariki Sylvia akiwa bado ananyonya.

"Hiyo sijaigusa. Naogopa," anakiri. Jamaa zake wote wanasema mama alifanana na mdogo wake, Rael, hata kwa rangi, ambaye sasa ni mgonjwa huko Bungoma. Jumapili Sylvia atafunga studio aende kumketisha dirishani.

"Nikichelewa," anasema, "itabidi niulize kompyuta mama yangu alikuwa na rangi gani."