Nilivyoutema Uraka wa Mama Agnesi

Afadhali niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wa Makote, maana wao huongeza chumvi: mimi ndiye niliyetema uraka wa mama mkwe, ile pombe ya mabibo, mbele ya ukoo mzima, na hasira ya siku ile haijanitoka mpaka leo.

Yote yaliletwa na kuku. Nilipeleka kuku wanane (niliwahesabu mara mbili) kwa Mzungu mmoja mwenye shamba kule Masasi, nikamkuta barazani na wageni wawili na chupa sita za mvinyo, tatu nyekundu, tatu nyeupe, wanaonja na kuandika maksi kwenye karatasi. Wakaniita nami nionje. Mwenye akili angeacha kuku akaenda zake; mimi nikaketi. Wakanifundisha kuinua glasi juani, kunusa, kusukutua, kisha kutema ndooni, na kila nilipotema walicheka mpaka machozi, nami mjinga nikadhani wanafurahia kipaji changu (mpishi wao aliniambia baadaye kwamba walishinda wakiigiza pua yangu, washenzi wale).

Wiki ile ile nikapanda Newala, kijijini Makote, kwa kina Agnesi, mchumba wangu, kusikia jibu la posa. Mshenga wangu, Barnaba, alishanihakikishia kwamba mjomba wa Agnesi, ambaye ndiye mwenye neno, amekubali. Kilichobaki ni kunywa tu. Mama Agnesi akaleta mitungi miwili ya uraka, mmoja wa mabibo mekundu, mmoja wa mabibo ya manjano, akanywa yeye kwanza kutoa uchawi, kama ilivyo ada, ndipo akanipa kata.

Sijui shetani gani alinituma nionyeshe ustaarabu. Nikainua kata juani. Nikanusa. Nikasukutua, na kwa kuwa ndoo haikuwepo, nikatema kwenye bakuli la kunawia.

"Baba," Mama Agnesi akaniuliza taratibu, "uchawi umeuona wapi, nami nimekunywa mbele yako?"

Ningeomba radhi yangekwisha. Mimi nikaanza kueleza kwamba huu wa mabibo mekundu si mbaya, nimeupa nne kati ya kumi, ngoja nionje wa pili. Barnaba akanifinya paja (mshenga gani huyu, ana vidole lakini hana ulimi), nikadhani ananihimiza. Nikautema na wa pili.

Mjomba akasimama. Kuona hivyo nikanyakua mtungi ninywe wote, waone siogopi kitu, uraka ukanipalia, ukanitoka puani, ukamrukia kwenye shati lake jeupe la kanisani.

Akajitazama kifuani. "Na huu," akasema, "unaupa ngapi?"

Agnesi aliolewa na mwalimu wa Chiungutwa. Nilialikwa harusini, na naapa ilikuwa makusudi, maana kata ya kwanza nililetewa mimi, mjomba kasimama mbele yangu. Nikameza.

"Fungua kinywa," akasema, nami mtu mzima nikafungua, harusi nzima ikachungulia.

Tangu hapo, chochote ninachopewa nameza, kiwe kizuri kiwe kibovu, na maksi zangu nabaki nazo moyoni. Ule wa harusini ulikuwa kumi kati ya kumi. Niliomba kata ya pili, kuhakikisha.