Shela Isiyo na Kitambaa

Saa nne asubuhi, Khuwair ya Kusini, mjini Muscat, Oman. Pelagia Kokushubira amesimama mbele ya beseni la maji ya moto. Ameshika shela ya harusi.

"Ikiingia humu, hairudi," ananong'ona.

Shela hiyo imebuniwa na msanii wa Kyoto, Japani. Mapambo yake ya majani yamedariziwa kwa cherehani, uzi wa poliesta juu ya kitambaa cha sintetiki kinachoyeyuka majini. Kitambaa kikiisha, hubaki uzi mtupu, umeshikana kama utando wa buibui. Mishono isiposhikana, kila kitu kinafumuka.

Pelagia anajua. Shela ya kwanza ilimfia mkononi mwezi uliopita.

"Niliona majani yanaachana, yanaelea. Nikaingiza mikono humo humo. Nilichotoa ni furushi la nyuzi," anasema. Ngozi ya vidole vyake bado haijapona.

Mama huyu wa Bukoba alikuja Muscat kufanya kazi za ndani, mtaa wa Qurum. Kudarizi alijifunzia kwenye mapazia ya tajiri wake, hadi Bi Mahbuba, mwenye karakana hii, alipomchukua. Kibali chake cha kuishi kiko chini ya udhamini wa Bi Mahbuba. Akirudishwa Bukoba, wanawe wawili wataacha shule.

Siku shela ya kwanza ilipoharibika, Bi Mahbuba hakumfokea. "Alizikusanya tu zile nyuzi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli," anasema Pelagia.

Leo bibi huyo amekaa kando, anavutavuta ncha ya mtandio. "Mie pia nna khofu, mwanangu. Bibi harusi, Shatha, keshakuja mara mbili kuiulizia shela yake. Tia."

Pelagia anafanya ishara ya msalaba. Anatia.

Maji yanakuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Shela inalegea, inazama, haionekani tena. Pelagia anaiopoa kwa mwiko, taratibu. Kona moja inaachia. Majani matatu yanadondoka, naye anapiga ukelele.

Mengine yanabaki, yananing'inia, yanachuruzika maji.

"Imeshika?"

"Imeshika, mama. Kona tu, nitaishona kwa mkono."

"Alhamdulillahi," anasema Bi Mahbuba, na ndipo anapofuta machozi.

Pelagia bado hajatabasamu. Ameomba ruhusa ya kwenda harusini Ijumaa, asimame karibu na mlango.

"Sitaki hata pilau," anasema. "Nitakuwa na sindano na uzi mkobani. Nikimwona bibi harusi amefika kwenye kiti chake, shela iko nzima, nitarudi nyumbani nikalale."