Mwaka wa Mwenzangu

Mwanangu anafanya kazi ya maabara katika kliniki moja mjini Kasese, na kila akija kwangu Bwera huja na neno jipya. Safari ile neno lilikuwa umri wa mwili. Alisema kuna miaka ya makaratasi, na kuna miaka ambayo damu yenyewe inaijua. Unatobolewa kidole, damu inadondoshwa kwenye karatasi maalumu, inapelekwa ng'ambo, na huko wanasoma alama zinazojikusanya ndani ya chembe za mwili kadiri mtu anavyoishi. Nilimwambia nimefundisha Kiswahili shule ya msingi muda mrefu, chaki peke yake imeshanizeesha, hakuna haja ya kunitoboa. Hakucheka.

Tulikuwa na jambo zito. Dada yake, binti yangu wa pekee, alikuwa amefariki na kutuachia mtoto wa kike ambaye hata meno hayajaota. Baba wa mtoto ni mvuvi wa Kasenyi, na mama wa mvuvi huyo, yaani bibi wa pili wa mtoto, alikuwa akituma salamu kila mara: mtoto ni wa kwao, tena yeye bado ana nguvu. Mimi nilikuwa nimeapa kwamba mtoto hatoki mgongoni mwangu. Mwanangu ndiye aliyetaka tupime.

"Mama, tusibahatishe," alisema. "Kama mwili yako iko na nguvu, mtoto anabaki. Kama haina, tuongee na wale."

Nilimnyooshea kidole anitoboe, kwa hasira, nikiwa na hakika ya kumshinda. Sijawahi kulazwa hospitalini. Napanda mlima wa kwetu na debe la maji kichwani huku wasichana wadogo wananiachia njia.

Majibu yalipofika aliniita Kasese, akanikalisha, akaniletea soda kabla ya kusema lolote. Hapo nilijua. Kwa makaratasi nilikuwa na miaka hamsini na miwili. Mwili ulisema hamsini na saba.

"Inakimbia mbele ya miaka yako, mama," alisema polepole, bila kunitazama.

Niliogopa. Sina namna ya kulipamba neno hilo. Mama yangu mzazi alianguka shambani kabla hajapata hata mvi za kutosha, na siku zote nimekuwa nikimngoja anifuate. Niliporudi Bwera niliacha chumvi, nikaacha samaki wa kukaanga wa Katunguru ambao ndio furaha yangu, nikaanza kutembea kama niliyebeba mayai. Mtoto akilia nilimbeba huku nikisikiliza moyo wangu mwenyewe. Nikamchukia bibi wa Kasenyi ambaye hakunikosea kitu, kwa sababu tu alikuwa mzima.

Mwanangu alitaka kujua ugonjwa uliomuua mama yangu. Aliyebaki wa kuulizwa ni mama yangu mdogo, mke wa pili wa baba, aliyetoka upande wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, akaolewa kwetu Nyakiyumbu. Nikapanda boda na mtoto mgongoni. Nilimkuta uani akichambua maharage. Alimpokea mtoto, akamnusa shingoni, akasikiliza habari yangu ya damu na miaka mpaka mwisho.

"Hamsini na mbili?" akauliza. "Nani alikuambia weye uko na hamsini na mbili?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama mdogo. Tangu shule."

"Ile si mwaka yako. Ile ni mwaka ya mutoto yangu."

Inabidi nieleze hapa. Kwetu, Wakonzo na ndugu zetu Wanande, binti huitwa kwa zamu aliyozaliwa kwa mama yake. Wa kwanza ana jina lake, wa pili lake. Baba alikuwa na wake wawili, kwa hiyo boma letu lilikuwa na mabinti wa kwanza wawili wenye jina moja: mimi, na mwenzangu wa mama mdogo, ambaye surua ilimchukua mapema. Ninachokumbuka kwake ni uzito tu, kitu cha moto mgongoni kinachosinzia.

"Weye njo ulikuwa unamubeba," mama mdogo alisema. "Mutu habebi mukubwa yake. Ulimupita na miaka tano."

Baba aliponipeleka shule, mwalimu aliuliza kwa jina: huyu alizaliwa mwaka gani? Baba akatoa mwaka alioukumbuka, mwaka alioezeka mabati nyumba ya mama mdogo, akapata binti humo. Jina lilikuwa sawa. Kosa likapita.

Nilikumbuka darasa lile. Nilikuwa mrefu kupita wote na hodari kupita wote, na maisha yangu yote nimeringa kwa akili ile. Kumbe nilikuwa mkubwa tu.

"Ulijua, mama mdogo. Mbona hukusema?"

Aliendelea na maharage yake kidogo. "Nilijua siku ile ile. Nikasema, wacha. Mwaka yake ikomale na mutu."

Kukomala kwao ni kukua mpaka kuzeeka. Kila mara nilipotaja umri wangu mbele yake, alikuwa akihesabu umri wa mwanawe.

Nilimpigia mwanangu simu pale pale uani. Alifurahi mpaka sauti ikapanda. "Basi mama uko muzima! Mwili na miaka iko pamoja, hakuna ugonjwa." Kisha sauti ikashuka. Nilijua anahesabu, maana mimi nilikuwa nimeshamaliza hesabu hiyo. Mzima, ndiyo. Lakini miaka mitano niliyodhani iko mbele yangu ilikuwa nyuma tayari, na mtoto huyu akimaliza shule atanikuta nina miaka ambayo kwetu hakuna mwanamke aliyeifikia, ila yule aliyekuwa akichambua maharage.

"Sasa tutafanya aje?" akauliza.

Jumapili baada ya misa nilikwenda Kasenyi mwenyewe, bila kuitwa. Bibi wa pili alitoka jikoni akifuta mikono, akasimama kwa mashaka, labda akidhani nimekuja kugombana. Nilifungua kitenge, nikamgeuzia mgongo ili ampokee mtoto. Akamfunga mgongoni kwake. Mtoto alinitafuta kwa macho, akaanza kulia, akaninyooshea mikono yote miwili.

Nilitaka auzoee mgongo mwingine wakati wangu bado upo. Nilikaa kwenye kigoda na mikono yangu mapajani, nikamwacha alie.