Marahaba Niliyoitikia Gizani

Wajukuu zangu wananicheka mpaka leo, na wana haki, kwa hiyo bora niwaeleze mwenyewe kuliko mkasikie kwenye foleni ya maji kwa watu wanaoongeza chumvi.

Mie Bibi Siwema mnanijua. Sicheki ovyo, na mtoto akinipita bila salamu namrudisha alikotoka aanze upya. Sasa hapa mtaani kwetu Mbagala kuna banda la video, la mabati (vijana wanaliita kibanda umiza), na mie ndiye niliyewakusanya akina mama tukamwambie mjumbe wetu wa nyumba kumi lifungwe, maana watoto wanatoroka shule kwenda kuangalia watu wanakatwa mapanga. Mjumbe akapanga kikao baada ya alasiri, msemaji mie.

Siku ya kikao, mchana, banda si likabandika tangazo: leo sehemu ya mwisho ya Kichwa Gunia!

Jamani! Kichwa Gunia ni yule muuaji anayevaa gunia usoni, hafi hata umchome moto, na picha zake zote zilizotangulia nilishazitazama kwa mwanangu, mlango nimefunga, sauti chini (naam, mie huyuhuyu). Miaka yote hiyo nangoja kujua mlaaniwa yule atakufa au hafi. Nikajiambia, naingia mara moja, nione mwisho, kisha niende zangu nikalifunge hilo banda. Nikaazima baibui na ninja ya mkwe wangu Zuhura, nikabakiza macho tu, nikakaa benchi la nyuma.

Mwanzo wake, weee! Gunia linachungulia dirishani, mtafsiri wa banda, anayetugeuzia picha kwa Kiswahili kwenye kipaza sauti, anasema, "Dada geuka, mwenye nyumba karudi!" na mie moyo unadunda utafikiri ninayefukuzwa ni mimi. Katikati wakaharibu. Wakamvua gunia, kumbe kijana tu, wakamketisha analia habari za mama yake, maneno, maneno, mpaka jirani yangu akasinzia na mtafsiri naye akaanza kutangaza chipsi zinazouzwa mlangoni. Nikataka kutoka. Laiti ningetoka!

Ghafla gunia likarudi kichwani. Stelingi, yaani shujaa wa picha, msichana wa watu, akampiga shoka moja, jamaa chini, halafu yule mjinga akatupa shoka, akampa mgongo, akaanza kulia! Sikujijua. Nilijikuta nimesimama juu ya benchi, na magoti yangu haya, napiga kelele: "Rudi umpige tena, mpumbavu wewe! Hajafa huyo! Hamfunzwi kwenu?"

Hiyo "hamfunzwi kwenu" ndiyo ninayowaambiaga watoto wa mtaa mzima. Banda zima likageuka kunitazama. Nikakaa taratibu, nikajikunyata, nikasema moyoni, uso hawauoni, ushahidi hawana. Mara sauti ya kijana kutoka mbele, ya adabu kabisa:

"Shikamoo, Bibi Siwema."

Na mie, ulimi huu ambao haujawahi kuiacha shikamoo ya mtu ikaanguka chini, nikajibu: "Marahaba, mwanangu."

Hapo wakalipuka! Watu wanalala chini kwa kicheko, mwingine anasema, "Bibi kaja kulifungia kwa ndani!" Mtafsiri akasimamisha picha, akatangaza mpaka barabarani kunasikika, "Mpisheni mgeni rasmi, Bibi Siwema, akae mbele!" Na barabarani ndiyo kwanza akina mama wangu wanapita kwenda kwa mjumbe.

Mnadhani niliondoka? Aibu ilishamwagika, na muuaji bado mzima. Nikavua ninja, nikakaa mbele, nikamaliza.

Kikaoni mjumbe anajing'ata midomo. "Msemaji wa akina mama, karibu."

Nikasimama. "Banda libaki. Ila siku za shule mtoto asikanyage, na mlangoni nitakaa mie mwenyewe."

Mama Neema, aliyekuwa mkali kuliko wote, akanyoosha mkono. Nikajua leo nasutwa.

"Bibi, sasa alikufa?"

"Kaangukia kwenye mashine ya kusaga, kaisha. Kizembe vile! Yaani nimeaibika kwa ajili ya mwisho ule?"

Hata mjumbe alicheka mpaka akafuta machozi, na nililosema ndilo likapita.

Ninja siazimi tena maishani. Ikija picha nyingine naingia uso wazi, nakaa mbele. Na siku mkinikuta nimejificha mahali, wanangu, tafadhali msiniamkie, maana najijua, nitaitikia.