Siku Matairi Yangu Yaliponichongea

Mnaosema mmesikia kwamba niliwahi kukamatwa kwa wizi wa ng'ombe, hamjadanganywa. Nilikamatwa. Mimi, Hadija, afisa mifugo wa serikali, mtu ambaye kazi yake ni kuwachanja hao ng'ombe wasife, nilisimamishwa mbele ya nyumba niliyopanga kule Nyarero, nimezungukwa na watu wasiopungua mia, wengine wana mapanga, wengine rungu, na mama mmoja (huyu simsahau) ana mwiko wa ugali kwa sababu yowe lilimkuta jikoni. Wazazi wangu huko Singida nimewaficha mpaka leo. Lakini ninyi afadhali mlisikie kwangu, maana huko mlikolisikia najua wameongeza chumvi, na sehemu inayoniuma wameiacha.

Nilikuwa na mwaka wa pili Tarime, nazunguka boma hadi boma kwa miguu na boksi la chanjo begani, nikachoka, nikaamua kununua pikipiki. Mpya sikuiweza. Nikaelekezwa kwa mwalimu mmoja mstaafu pale Turwa, alikuwa na pikipiki yake nyekundu ya zamani, rangi ya tangi imechubuka pale magoti yanapogusa, kiti kimeshonwa upya, lakini injini ukipiga kiki moja tu inaitika. Ubovu wake ulikuwa matairi, yote mawili vipara, la nyuma mpaka nyuzi zinaonekana. Yule mzee akaniuliza kwa upole, "Unajua kuendesha, mwanangu?"

Nikamjibu, "Najua."

(Nilichojua ni baiskeli, na siku moja niliwahi kumshikia kaka yangu usukani wa pikipiki akiwa anafunga kamba za viatu.) Sijui kwa nini nilisema vile. Nadhani ni ule uso wake wa kiualimu, nikajiona niko darasani na jibu la "sijui" lina viboko.

Nilikuwa nimekwenda na Gesase, fundi wa pikipiki wa kwetu Nyarero, akaisukuma mpaka duka la spea mjini. Mwenye duka akatuwekea matairi mbele. Kulikuwa na yale ya mistari ambayo kila bodaboda wa Tarime amefunga, na kule nyuma ukutani yalining'inia mengine yenye kashata, yale meno ya tairi, kubwa, nene, zimepangwa kama vichwa vya mishale. Mama mwenye duka akasema hayo yaliagizwa kutoka Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, na mteja ambaye hakurudi tena, na pea ni hiyo moja tu.

"Daktari, chukua haya ya kawaida," Gesase akaniambia (kule afisa mifugo anaitwa daktari, na mimi sikuwahi kukataa). "Yale ya mishale ni ya watu wa mashindano. Kwenye barabara ngumu yatakutetemesha mpaka meno. Halafu likiharibika moja, la kufanana nalo utalitoa wapi?"

Alisema kweli tupu. Lakini mimi nilikuwa naogopa kuteleza, naogopa ule udongo wa Nyarero mvua ikinyesha, naogopa kuanguka mbele za watu, na mwoga akiona kitu chenye meno hudhani kitamlinda. Nikasema, "Funga ya mishale." Akafunga. Nikamwambia aiendeshe yeye mpaka nyumbani kwa kuwa mimi leo nimevaa gauni. Wiki nzima iliyofuata kila aliyeniuliza mbona hupandi, nilimjibu nasubiri karatasi za kubadili umiliki, na bodaboda mmoja pale senta nilimwambia mimi pikipiki nimeanza nikiwa chuoni. Uongo, jamani, huwa hauishi peke yake.

Sasa nikawa naamka kabla hakujapambazuka, naisukuma pikipiki ikiwa imezimwa, taratibu kama mwizi (mnaona eeh?), mpaka kwenye uwanda wa malisho nyuma ya boma la Mzee Matiko, ndipo napiga kiki. Najifunza nusu saa, naisukuma kurudi, watu wanaamka wananikuta nakunywa chai. Asubuhi ya kwanza ilinizimikia mara ishirini. Ya pili nilikwenda kidogo nikaangukia kwenye majani. Ya tatu nikaanza kujiona mtu.

Ya nne, mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nikaondoka vizuri, nikaingiza gia ya pili, nikafika karibu na boma la mzee nikataka kufunga breki, mkono ukaniasi, badala ya kuachia mafuta ukavuta. Pikipiki ikaruka na mimi juu yake, moja kwa moja kwenye uzio wa miba wa zizi. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelalia matawi, injini imezima, na ng'ombe mmoja mweupe ananitazama kwa karibu sana.

Hapo ndipo ningemwita mzee. Nyumba yake ilikuwa hatua hamsini. Shikamoo mzee, nimekuharibia uzio, nisamehe, yamekwisha. Lakini nilifikiria watu watakavyocheka. Nikaichomoa pikipiki, nikayavuta yale matawi ya miba nikaziba tundu kama mtu anayefunika chungu kwa jani moja, mikono inachuruzika damu, nikaisukuma pikipiki mpaka nyumbani kupitia matope. Nikanawa, nikavaa shati la mikono mirefu, nikabandika chai.

Chai haijachemka, nikasikia yowe.

Ninyi wa mjini hamjui yowe la ng'ombe. Linaanza koo moja, linapokewa na koo la boma la pili, la tatu, linapanda mlima, kisha unasikia miguu. Miguu mingi. Mama Bhoke, mwenye nyumba wangu, akapita dirishani anakimbia, "Daktari! Ng'ombe za Matiko zimechukuliwa! Kumi na moja, zizi zima! Na mahari ya kijana wake wanapeleka Jumamosi!"

Nilijua pale pale kwamba hakuna aliyewachukua, wametokea kwenye tundu langu. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema, na Mama Bhoke alikuwa bado anaonekana. Sikusema. Niliingia ndani, nikaifunika pikipiki kwa shuka, nikakaa kitandani nikiishika kana kwamba itatoroka. Nje watu wanapita wakikimbia, nasikia mmoja anasema wengine wameshaelekea barabara ya mnadani kuwakatia wezi njia, na mwingine anasema leo atakayepatikana hatafika kwa polisi. Nilisali. Niliomba ng'ombe warudi wenyewe kabla sijalazimika kufungua mdomo. Hiyo ndiyo sala niliyosali.

Ikapita kama saa nzima. Kisha miguu ikaanza kurudi, safari hii haikimbii. Inakuja polepole, inasimama, inakuja tena, na katikati yake kuna sauti ya mtu anayesoma alama za ardhini. Kwenye njia ya kwenda mtoni nyayo za ng'ombe ni za kila siku, zimekanyagana, hazisomeki. Lakini matairi yangu yalikuwa yamepiga mhuri kwenye matope, mshale, mshale, mshale, kutoka kwenye tundu la uzio mpaka kwenye kizingiti cha mlango wangu. Na vichwa vya mishale, kwa aibu yangu, vilikuwa vinanielekea mimi.

"Hodi, Daktari." Ilikuwa sauti ya Gesase. Haikuwa na urafiki wowote.

Nilitoka. Gesase akaingia, akaifunua pikipiki, akaitoa nje matope yake bado mabichi, akawaambia watu bila kuniangalia, "Tairi hizi ziko pea moja Tarime nzima. Nilifunga kwa mkono wangu."

Wakaanza wote pamoja. Mmoja akasema siku hizi wezi wanatanguliza pikipiki kupeleleza. Mwingine, jirani ambaye mbuzi wake niliwahi kumzalisha, akasema kwa sauti kubwa, "Na wiki iliyopita alihesabu ng'ombe zetu! Boma kwa boma, anaandika kwenye daftari! Tukadhani ni chanjo!" Nikaona lile jambo linavyokaa vizuri vichwani mwao, kila kipande kinaingia mahali pake, kiasi kwamba kama ningekuwa miongoni mwao na mimi ningeamini. Mtu akanivuta mkono wa shati ukapanda juu, wakaona miba ilivyonichana.

"Nilikuwa najifunza," nikasema. "Sijui kuendesha. Niligonga uzio."

"Mwongo!" Alikuwa yule bodaboda wa senta. "Aliniambia mwenyewe ameendesha tangu chuoni!"

Mduara ukasogea. Sikuona tena nyuso, nikaona mikono tu na vilivyoshikwa. Kuna wakati woga unapita kiasi mtu unaacha hata kutetemeka, unabaki unasikia vitu vidogo, mimi nilisikia chai yangu ndani inachemka inamwagikia jiko.

Mzee Matiko mwenyewe akapenya akaja mbele. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia. Akanitazama mikono, akainama akatazama matairi, akainuka. "Mura, rudini nyuma," akawaambia vijana. "Anasema hajui. Basi apande tuone. Mtu huweza kudanganya kwa mdomo, matako hayadanganyi juu ya pikipiki."

Hakuna aliyecheka. Nikapanda. Na hapa mnielewe vizuri jinsi nilivyokuwa: siku zote hizo nilikuwa naogopa kuanguka mbele ya watu, na sasa uhai wangu ulitegemea nianguke. Nikapiga kiki. Nikaachia klachi. Na kwa mara ya kwanza tangu niinunue, pikipiki ile ikaondoka kama maji.

Ilinyooka! Hatua kumi, ishirini, wala haiyumbi, kashata zinashika udongo kama zilivyokusudiwa, na nyuma yangu nikasikia mngurumo wa watu mia wakisema "Aaah!" kama watu waliokwisha kupata ushahidi. Nikataka kujiangusha, nikashindwa, mwili ulikataa. Nikataka kusimama, nikavuta mafuta, si mnanijua sasa, ikaniruka, ikapita kwenye kamba ya nguo ya Mama Bhoke, nikazoa shuka mbili na sketi moja, macho yamefunikwa, nikasikia kuku wanalia, halafu nikaingia kwenye rundo la samadi nyuma ya zizi lake mpaka kiunoni. Samadi ya mvua. Mbichi.

Yule mama wa mwiko ndiye alianza kucheka. Kisha wote. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini, Gesase akaegemea ukuta anafuta machozi, na mimi ndani ya samadi nikalia kwa furaha, maana nilijua mtu anayechekwa namna ile hauawi.

Mzee Matiko hakucheka. Akaja akanipa mkono akanitoa. "Huyu hakuiba," akasema. "Lakini ng'ombe zangu ziko wapi? Tuliacha kwato tukafuata mpira." Wakarudi kwenye tundu, wakafuata zile nyayo zilizokanyagana kuelekea mtoni, hawakwenda mbali. Ng'ombe wote kumi na mmoja walikuwa bondeni kwenye shamba la viazi vitamu la mjane mmoja, wameshiba, yule mweupe amelala kabisa.

Mkasa mnaousikia huishia hapo. Watu hucheka, tunaagiza soda.

Lakini lile kundi lililokwenda barabara ya mnadani lilirudi saa nne, likiwa na mtu. Alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, mtu mzima, umri wa baba yangu, ametokea upande wa Serengeti na ng'ombe wake wanne wa kuuza. Walimkuta njiani peke yake. Alikuwa amefungwa mikono kwa kamba ya ng'ombe wake mwenyewe, shati halina vifungo, mdomo wa chini umepasuka. Vibali vyake walikuja kuvisoma baadaye, vilikuwa mfukoni muda wote. Waliompiga walikuwa wameanza kumpiga wakati mimi nimekaa kitandani nimeshika shuka.

Mzee Matiko alimfungua kamba kwa mikono yake, akamwomba radhi mbele ya wote, akaagiza aletewe maji na kiti. Yule mchuuzi hakukikalia kile kiti. Mimi nilikuwa bado sijaoga, samadi imeanza kunikaukia, nikasogea kwa sababu nilijua nisiposogea pale sitasogea tena maishani.

"Shikamoo, baba," nikamwambia. "Aliyevunja uzio ni mimi. Niliposikia yowe la kwanza nilijua."

Akauliza, "La kwanza?"

"La kwanza."

Akageuka akawahesabu ng'ombe wake kwa macho, mmoja, wawili, watatu, wanne. Akaokota fimbo yake. Alipokuwa ameshaanza kuondoka ndipo alipojibu, bila kugeuka, "Marahaba."

Wazee waliniamuru nikate miba na kuujenga upya uzio ule kwa mikono yangu, nikaujenga siku tano, na shamba la mjane nikalipanda upya. Kuendesha nilifundishwa na Gesase mchana kweupe katika uwanja wa shule, watoto wamejipanga kutazama, nikaanguka hesabu siijui. Walicheka nikazoea. Ila ule mdomo uliopasuka bado nauona, hasa ninapokuwa peke yangu njiani. Siwezi kuwaapia kwamba nimekuwa jasiri, woga niliozaliwa nao ninao. Naapa moja tu: yowe likipigwa tena na mimi nikawa na neno la kusema, nitatoka mbio hata kama khanga bado naifunga, nilitamke pale mlangoni kila mtu alisikie, kabla miguu haijafika barabarani.