Pete za Mvule wa Manafwa

Hadi leo nikishika msasa nakasirika. Katikati ya miaka ya tisini nilikaa mwaka mzima ofisini Jinja nikipiga msasa vijiti vya mvule, vyembamba kama penseli, nilivyovitoa kwa kutoboa kwa keekee miti ya kando ya mto Manafwa, huko Mbale. Nilihesabu pete za mti, pete moja mwaka mmoja, na kutafuta makovu yaliyoachwa na magogo wakati wa mafuriko. Shule ya msingi ilitakiwa kujengwa bondeni, na ofisi ilinisubiri niseme maji hufika mara ngapi.

Kwenye mti mkubwa kuliko yote nilipata makovu matatu ndani ya pete sitini. Basi nikaandika: mara moja kila miaka ishirini. Mkubwa wangu akafurahi, akatuma barua ya ruhusa ya kujenga.

Miezi michache baadaye nilirudi kutoboa mti uleule, nihakikishe hesabu. Mwenye shamba, Mgisu wa makamo, alisimama akinitazama ninavyotoka jasho.

"Afande, unatafuta nini ndani ya hii mti?"

Mimi si askari. Kwetu Uganda Kiswahili ni lugha ya askari, na changu tu ndicho kilichonipa cheo.

"Natafuta umri wake."

"Mi nilipanda mwaka nilitahiriwa."

Mgisu hutahiriwa akiwa kijana, mbele ya kijiji kizima; anaweza kusahau mengi, lakini si mwaka huo. Tukahesabu pamoja: thelathini. Pete zangu zilikuwa sitini. Kwetu mvua ni mbili kwa mwaka, na mti ulipiga pete kila msimu. Mpumbavu mimi, nilisoma vitabu vya nchi za theluji nikasahau nchi niliyozaliwa! Maji yalifika kila miaka kumi. Kuuliza si ujinga, husema watu, na mimi msomi sikuuliza.

"Maji yamefika hapa mara ngapi?"

"Tatu. Yote nimeona."

"Mbona hukuniambia?"

"Nani anabishana na afande?"

Nilikimbilia Jinja. Mkubwa wangu hakuinua hata macho. Barua imekwenda, alisema, na ofisi haiwezi kujiaibisha kwa sababu ya mkulima mmoja. Nilibishana naye mpaka akanifukuza chumbani mwake.

Niliporudi Mbale mafundi walikuwa wanaezeka mabati. Nilimkuta mwenye shamba akiwatazama, binti zake wawili wameshaandikishwa. Nikamsihi asiwapeleke pale.

"Watasoma wapi, bwana?"

Shule nyingine haikuwepo.