Fundi Anayezilaza Pikipiki za Wachungaji wa Reni

Saa mbili asubuhi, na barafu nyembamba imeshafunika ukingo wa ziwa la Suolojávri. Ndani ya gereji yake ya mbao, Sunná Nutti amepiga magoti mbele ya pikipiki ya porini iliyojaa tope la milimani. Ana mswaki wa meno mkononi, anasugua kati ya spoki na spoki.

"Tope hili likikaa hapa mpaka mwezi wa tano linakula chuma," anamwambia mwandishi wa makala haya bila kugeuka. "Kwanza unamwogesha, unamkausha, ndipo unamlaza. Wewe unaweza kupanda kitandani na matope miguuni? Basi na yeye hawezi."

Wachungaji wa huku, kaskazini kabisa mwa Uswidi, huwafuata reni wao, wanyama wa nchi za baridi wafananao na paa wakubwa, kwa pikipiki hizi tangu theluji inapoyeyuka hadi inaporudi. Ikisharudi wanahamia kwenye pikipiki za theluji, na hizi za matairi zinalala miezi saba. Zikilazwa vibaya haziamki. Sunná, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, anaishi kwa kuhakikisha zinaamka.

Anamwaga petroli iliyobaki kwenye kabureta. Anajaza tangi mpaka shingoni, petroli mpya yenye dawa, ili unyevu usipate pa kukaa. Anafungua plagi, anadondosha oili kijiko kimoja, kisha anasukuma kiki kwa mkono, taratibu, mara tatu, oili iende kila mahali. Betri inatoka na kwenda kulala ndani ya nyumba, karibu na jiko. Matairi hayagusi chini. Bomba la moshi linazibwa kwa kitambaa chenye oili na mfuniko wa kopo la kahawa.

"Kitambaa, narudia, kitambaa!" anasema, na sauti inapanda kidogo. "Siyo nyasi."

Hapo ndipo penye kidonda chake, na hakifichi.

Kwenye ukuta wa nyuma kuna misumari kumi na mitano. Kila msumari unaning'iniza kipande cha ngozi chenye umbo la sikio, kimekatwa mikato ya mwenye pikipiki, ile ile anayowakata ndama wake masikioni. Sunná haandiki jina la mtu. Pikipiki ikiingia, kipande chake kinashuka ukutani na kufungwa kwenye usukani.

Leo, siku kumi na mbili za mwezi wa kumi zimeshapita, na vipande tisa vimeshuka. Vitano vilivyobaki ni vya Heaika Labba na ndugu zake wanne wanaochunga naye. Wakati kama huu mwaka jana vilikuwa vimeshashuka vyote. Cha sita ni cha Sunná mwenyewe, na hicho hakijawahi kutoka kwenye msumari.

Baba yake Sunná alikuwa na reni. Mwaka mmoja, majira ya baridi, mvua ilinyesha juu ya theluji, ikaganda, na wanyama wakashindwa kuchimba chakula chao chini ya barafu. Kufikia wakati wa ndama kuzaliwa, mzee hakuwa hata na mmoja. Binti akabaki na alama ya sikio isiyo na sikio la kukaa. Miaka thelathini na moja sasa anailipia usajili ili isifutwe.

"Watu wananicheka. Wanasema Sunná analipia kanzu ambayo hana mwili wa kuivaa," anasema. "Wacha wacheke. Ya baba yangu ile."

Huku kumwuliza mtu ana reni wangapi ni utovu wa adabu, sawa na kumchungulia mkoba. Ila Sunná wanamwuliza kila siku, kwa utani, maana jibu linajulikana.

"Habari ya kundi lako, Sunná? Wangapi mwaka huu?" sauti inaita mlangoni hata kabla mwenyewe hajaonekana. Ni Ravna, mjane wa miaka sabini na miwili ambaye bado anapanda pikipiki na hataki kusikia lolote kuhusu magoti yake. Amekuja kuona yake imelalaje.

"Wamejaa tele, nimekosa pa kuwaweka," Sunná anajibu. "Hebu funga mlango, baridi inaingia."

Ravna anaketi juu ya tairi, anajimiminia kahawa, anatumbukiza kipande cha jibini ndani yake, kama wanavyopenda huku. Anautazama ukuta.

"Heaika bado?"

"Si unaona mwenyewe."

"Jana nimemwona dukani. Ana trela tupu, kama aliyetoka kushusha mzigo mjini."

Sunná anaendelea kusugua mahali ambapo pameshang'aa zamani.

Yaliyotokea anayasimulia mwenyewe, bila kulazimishwa. Wachungaji wengi bado wanavaa viatu vya ngozi na kuvijaza nyasi kavu badala ya soksi. Nyasi hizo zina joto ajabu, na kila familia huzisokota mafungu kwa mtindo wake. Kwa kuwa ziko kila nyumba, wavivu wakawa wanazitumia kuzibia bomba la moshi. Kwa miaka ishirini na sita Sunná amewagombeza.

"Nawaambia, jamani, mnawatandikia panya kitanda! Panya akipata nyasi hizo analeta ukoo mzima."

Vuli iliyopita alirudi kutoka kuwinda, viatu vimelowa chapachapa. Akachomoa nyasi zake, akazitundika kwenye boriti ya gereji zikauke, juu kabisa ya pikipiki ya Heaika. Kesho yake theluji kubwa ikaanguka, akashikwa na mambo, akazisahau.

Panya hawakusahau. Wakazishusha kidogo kidogo, wakajenga chini ya kiti cha pikipiki, na walipokosa la kufanya wakatafuna waya.

Mwezi wa sita pikipiki iliwaka vizuri tu, ndiyo ubaya wake. Ilimfikisha Heaika kilomita thelathini mlimani, kwenye ukungu, akiwa peke yake upande wa magharibi wa kundi wakati wa kuwakusanya ndama watiwe alama. Hapo ikazima kabisa. Kundi likakatika, nusu ikateremka bonde la pili. Ndama asiye na alama akishaachana na mama yake si wa mtu tena. Heaika alipoteza ndama ishirini na watatu, akarudi nyumbani kwa miguu.

Kijiji kizima kilisema Heaika hakuikagua pikipiki yake. Yeye mwenyewe alisema hivyo hivyo. Pikipiki ilipoburutwa hadi gereji, Sunná ndiye aliyefungua kiti, akakuta kiota, akavuta unyasi mmoja mmoja mpaka akafika kwenye fundo. Lilikuwa limesokotwa mara mbili kwenda kushoto, kama alivyofundishwa na mama yake.

"Nilikaa chini pale pale sakafuni," anasema. "Hakuna aliyeona. Ningelitupa kwenye jiko, yangeisha. Sitakudanganya kwamba sikulifikiria."

Jioni hiyo hiyo akaenda kwa Heaika, akaliweka fundo mezani, akasema, "Ni langu." Heaika akaliangalia. Mke wake akaacha kuosha vyombo. Hakuna aliyemfukuza wala aliyemtukana. Heaika alisema tu, "Nimesikia, shangazi," na tangu siku hiyo hajakanyaga gereji. Akatengenezewa waya mjini.

Kwa kila pikipiki Sunná anatoza krona elfu moja na mia mbili, na wengi humwongezea mguu wa nyama. Lakini si hicho kinachomkosesha usingizi. Heaika ndiye anayesikilizwa kuliko wote milimani. Akilaza pikipiki zake mjini, mwakani na wengine watakwenda mjini. Gereji ikifungwa, Sunná hana kingine kinachomfunga na reni.

"Lakini nashukuru," anasema, na anamaanisha, maana ameweka mswaki chini. "Mimi ni mtoto wa mfugaji aliyefilisika. Wengine kama mimi walikwenda kusini, wakapotelea huko. Mimi watu hawa waliniletea vyuma vyao, nikabaki. Tope hili limetoka mlimani kwa baba yangu. Kila vuli linakuja lenyewe mpaka mlangoni. Nikikosa mwaka huu, bado nilipewa miaka ishirini na sita."

"Usianze kuhutubia kama mchungaji wa kanisa," Ravna anasema, lakini anapangusa macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa.

Saa sita kasoro, gari linasikika likikwaruza barafu ya uani. Sunná hasimami. Ravna ndiye anayekwenda dirishani.

"Ana trela," anasema.

"Tupu?"

"Njoo uone mwenyewe, mimi si mtumishi wako."

Juu ya trela kuna pikipiki tano zimefungwa kamba. Heaika, mwanaume wa miaka arobaini na minne, mrefu, mchache wa maneno, anaingia bila kubisha hodi. Hasalimii. Anainua uso na kukagua boriti, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Hakuna kitu," anasema.

"Hakuna tena," Sunná anajibu. "Viatu vyangu vinakauka chumbani. Nalala na harufu yake."

"Pole kwa harufu." Heaika anavua glavu. "Nimechelewa. Tulikuwa zizini, tunamalizia ndama waliookotwa mwezi wa tisa. Kumi na mmoja walirudi na mama zao, shangazi. Hawakupotea wote."

Sunná anafunika mdomo kwa mkono wenye grisi. Kumi na mmoja! Hakuna aliyemwambia.

"Juzi ndugu zangu walitaka twende mjini," Heaika anaendelea. "Nikawauliza, fundi wa mjini akiharibu, atakuja na fundo mkononi? Mimi nilikuwa silali, najiona mzembe, mpaka ulipoweka lile dude mezani. Nilipaswa kukushukuru siku ile ile. Mdomo ulikataa."

"Mdomo wako unakataaga siku zote," Ravna anachomekea.

Heaika anaingiza mkono mfukoni. Wachungaji wanapowakata ndama alama, vipande vya masikio hawavitupi. Huviweka ili kujua wamekata wangapi. Anatoa kimoja, pembetatu ndogo yenye manyoya, isiyozidi ukucha wa kidole gumba, na kuiweka kwenye kiganja cha Sunná.

Sunná anaitazama. Anakwenda ukutani, kwenye msumari wa kumi na tano, anaisogeza kwenye ncha ya ngozi ile iliyokatwa pengo tangu enzi za baba yake. Pembetatu inaingia kwenye pengo, inatulia.

"Jike," Heaika anasema. "Mweupe kidogo puani. Ana alama yako, yuko na kundi langu. Usinishukuru, ni mtego huu. Mtu asiye na mnyama mlimani anatundika nyasi popote. Sasa panya wakinitafunia waya, na ndama wako anapotea."

"Mjinga wewe," Sunná anamwambia, na analia waziwazi, mabega yakitikisika. "Mjinga mkubwa. Umenipa jike?"

"Dume ungemfanyia nini?"

Baada ya pikipiki tano kuingia, vipande vitano kushuka na kahawa kunywewa, Heaika anaondoka bila kuaga, kama kawaida yake. Ravna naye anajikongoja nyumbani kwenda kueneza habari kabla hazijapoa.

Sunná anaenda pembeni, anavuta turubai. Chini yake kuna pikipiki ya zamani ya njano, ya baba yake. Haijawahi kulazwa kama zingine. Pikipiki isiyokwenda popote, anasema, haina haja ya kuandaliwa kuamka. Leo anaipigia magoti. Anafungua kabureta, anajaza tangi, anadondosha oili kijiko kimoja, anasukuma kiki kwa mkono, taratibu, mara tatu. Kisha anashusha kipande cha ngozi kutoka msumari wa kumi na tano na kukifunga kwenye usukani.

"Mwezi wa sita nakwenda mlimani kumwona," anasema. "Kwa hii hii. Mwaka unaofuata, Mungu akipenda, atazaa, na ndama wake nitamkata alama mwenyewe, vidole vyangu vikiwa bado vinakubali. Baba angefurahi, jamani. Angefurahi sana."

Mwandishi, akiwa na kalamu mkononi na haraka ya kufunga makala, anamwuliza: kwa hiyo sasa ana reni mmoja?

Sunná anainuka polepole, anafuta mikono kwa kitambaa, anamtazama juu mpaka chini.

"Kijana," anasema, "hayo hayaulizwi."